Rundo Halipimwi kwa Wingi Wake

Wadi ya Kiplombe iko ukingoni mwa Eldoret, katika eneo bunge la Turbo na kaunti ya Uasin Gishu. Nao mji huu, ulioanza mwaka 1910 kwa posta ndogo iliyowekwa katika shamba namba 64, na ambao wenyeji wengi hata leo huuita Sisibo kwa kuifuata namba hiyo, ulipewa hati ya kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024. Huko, kama kwingineko katika Kenya, karata si jambo geni. Waendesha bodaboda wanaongoja abiria huzigawa juu ya kiti cha pikipiki, na mchezo wao huuita poka, yaani ule ambao kila mtu hujitahidi kuzimaliza karata zake kabla ya mwenziwe, na aliyekaribia kuzimaliza hana budi kutamka “niko kadi” asije akaadhibiwa. Mchezo huo ni mzuri nami siubezi. Lakini poka inayochezwa katika kasino za mijini, na ambayo siku hizi huingia Kiplombe kwa njia ya simu ya mkononi, ni nyingine kabisa, na anayeiendea kwa maarifa ya ile ya kwanza atakula hasara kabla hajatambua amekosea wapi. Nililokusudia kulieleza hapa ni jambo moja tu katika mengi ya poka hiyo, nalo ndilo ambalo aghalabu wageni hulielewa mwisho: namna ya kulitunza rundo la chipu katika mashindano.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, japo kwa ufupi. Kila mchezaji hupewa karata mbili azifiche. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho, nazo ni mali ya wote. Na katika kila kituo wachezaji huweka dau, wakilifuata la mwenzao, au wakilipandisha, au wakizitupa karata zao na kujiondoa. Fungu lililokusanyika huchukuliwa na mwenye karata tano bora katika saba alizo nazo. Au, na hili ndilo wageni wasilolitilia maanani, huchukuliwa bila karata yoyote kuonyeshwa na yule aliyewafanya wengine wote wazitupe za kwao. Ili pasiwepo mtu wa kuketi tu akingoja ree mbili, sheria huwalazimisha wachezaji wawili katika kila mgao waweke dau kabla ya kuziona karata, mmoja dau dogo la lazima na wa pili dau kubwa, ambalo kwa desturi ni mara mbili ya lile dogo. Na zamu hiyo huizunguka meza hata asiwepo wa kuikwepa. Katika mashindano mengi ya siku hizi huongezwa pia mchango wa meza, sawa na dau kubwa, nao hulipwa na yule yule aliyefikiwa na zamu ya dau kubwa.

Baina ya meza ya kawaida na mashindano pana tofauti kubwa. Katika meza ya kawaida chipu ni fedha kwa sura nyingine: chipu ya shilingi 100 ni shilingi 100, na aliyechoka huinuka, akazibadilisha dirishani, akaenda zake. Katika mashindano mchezaji hulipa kiingilio, tuseme shilingi 2,000, akapewa chipu zilizoandikwa jumla ya 20,000, nazo hazinunui hata kikombe cha chai. Hawezi kuzibadilisha wala kuziweka kando, na zikimwishia ndiyo safari yake imekwisha. Zawadi hufuata mpangilio wa kutoka, aliyebaki wa mwisho akipata iliyo kubwa na aliyetoka kabla yake ndogo kuliko hiyo, hata wafike wale wengi waliotoka mapema, ambao huondoka mikono mitupu. Tena kila baada ya muda uliowekwa, dakika 15 au 20 au saa nzima, madau ya lazima hupanda, maana lau yasingepanda mashindano yasingekwisha. Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mashindano makuu ya dunia yalipoanzishwa mwaka 1970 katika kasino ya Horseshoe ya Benny Binion, mjini Las Vegas, wachezaji walipiga kura kumchagua aliye bora wao, na kura zikamwangukia Johnny Moss. Ilikuwa mwaka uliofuata, 1971, ndipo ilipoamuliwa kwamba bingwa awe yule aliyezikusanya chipu za wote, naye kwa ajabu ya bahati na ustadi akawa Moss yule yule.

Kutokana na kanuni hiyo ya madau yanayopanda huzaliwa tatizo ambalo makala haya yanalihusu. Mchezaji ameanza na chipu 20,000 wakati madau ya lazima ni 100 na 200, na kwa hiyo ana madau makubwa 100 mkononi, utajiri unaomruhusu kungoja, kujaribu, kukosea na kujirekebisha. Akacheza saa nne, akishinda huku na kupoteza kule, hata mwisho wa saa hizo akalihesabu rundo lake akalikuta bado ni 20,000, akaridhika nafsi yake kwamba hajapungukiwa na kitu. Lakini saa imefanya kazi yake: madau sasa ni 1,000 na 2,000, na yule aliyekuwa na 100 ana 10 tu. Rundo ni lile lile, rangi za chipu ni zile zile, ila mwenyewe amekuwa maskini.

Mkulima wa Uasin Gishu hahitaji kufundishwa jambo hili. Yeye avunaye mahindi kati ya Oktoba na Desemba na kupanda tena Machi au Aprili mvua zinapoanza, hamwulizi jirani yake ana magunia mangapi ghalani, bali mahindi yatamfikisha mwezi gani. Magunia 10 ya kilo 90 kwa mume na mke ni neema, na magunia hayo hayo kwa nyumba yenye walaji 15 ni njaa ya mwezi wa Juni. Na mwenye busara, akiisha kuipiga hisabu akaona hayatafika, hutafuta kibarua au huuza mbuzi wakati bado anayo magunia kadhaa, kwa sababu wakati huo aweza kukataa bei mbovu na ujira mbovu. Hangoji siku ile ya kulikung'uta gunia la mwisho ili apate gorogoro moja, siku ambayo kila mnunuzi humwona usoni kwamba hana la kukataa. Mchezaji wa poka anayetunza rundo lake hana elimu nyingine zaidi ya hiyo: hulipima kwa muda litakaodumu, na hutenda kabla udhaifu wake haujawa dhahiri kwa meza nzima.

Kipimo cha muda huo kiliwekwa katika hisabu na Paul Magriel, Mmarekani aliyejulikana zaidi kwa ustadi wake wa bekigamoni, na kikaenezwa na Dan Harrington, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Na kwa heshima ya yule wa kwanza kikaitwa M. Hupatikana kwa kuligawanya rundo kwa jumla ya gharama za mzunguko mmoja wa meza, yaani dau dogo, dau kubwa na mchango. Yule mwenye chipu 20,000 wakati madau ni 1,000 na 2,000 na mchango ni 2,000 hulipa 5,000 kila zamu inapomzunguka, na kwa hiyo M yake ni 4: akikaa asicheze lolote, mizunguko minne itammaliza. Katika meza ya watu tisa hiyo ni migao 36 tu. Harrington aliyapa makadirio haya rangi, kijani kwa aliye na 20 na kuendelea, manjano kwa 10 hadi 20, chungwa kwa 6 hadi 10, nyekundu kwa 1 hadi 5, na aliye chini ya hapo alimhesabu miongoni mwa wafu ijapokuwa bado ameketi kitini. Wachezaji wa leo, ambao wengi wamefunzwa na kompyuta, huona maagizo yake mengine ni ya tahadhari mno, na wengi hupendelea kuhesabu kwa madau makubwa peke yake kwa kuwa ni rahisi. Mimi naona kwa mwanafunzi kipimo cha Magriel kina faida zaidi, kwani humwambia mtu si ana kiasi gani tu, bali ni mara ngapi tena atapitiwa na zamu.

Tuseme sasa juu ya huyu mwenye M ya 4, kwa kuwa hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Wahenga wetu walisema subira huvuta heri, na msemo huu, ulio kweli katika mambo mengi ya dunia, humponza mchezaji wa rundo dogo kuliko udhaifu mwingine wowote. Anasema moyoni, nitangoja karata njema. Basi na tuzihesabu karata njema. Katika pakiti ya karata 52 kuna jozi za kugawiwa 1,326 zilizo tofauti, na katika hizo ree mbili ni 6 tu, yaani mara moja katika migao 221. Na katika migao yake 36 iliyobaki nafasi ya kuzipata japo mara moja ni kama 15 katika 100. Jozi yoyote ya karata zinazofanana, hata mbili-mbili iliyo duni, huja mara moja katika 17. Kwa hiyo angojaye bora kuliko zote aghalabu atakwisha akiwa bado anangoja, na aliyejaaliwa kuzipata katika mgao wa 30 atazipata wakati rundo lake limekwisha kuliwa na madau ya lazima, hata akilizidisha mara mbili hatakuwa amerudi hata alipokuwa alipoanza kungoja.

Dawa yake ni kuziweka chipu zote katikati mapema, yeye akiwa wa kwanza kuingia katika fungu, kwa karata ambazo mgeni angeziona za kawaida tu, kama vile ree na tisa, au jozi ya sita. Sababu yake si ushujaa, ni hisabu. Anayetangulia kuweka zote ana njia mbili za kushinda: wengine wazitupe karata zao, naye achukue zile 5,000 za lazima zilizoko katikati, ambazo ni robo nzima ya rundo lake la 20,000, pasipo kuonyesha kitu, au mmoja amfuate, na bado karata zake zikapata bahati. Anayemfuata mwenziwe hana ile njia ya kwanza. Amebakiwa na karata peke yake. Ndiyo maana wajuzi husema kwamba yahitaji karata bora kumfuata mtu kuliko kumtangulia.

Lakini kitisho hicho kina thamani maadamu rundo lina uzito wa kutisha. Aliyeweka 20,000 humlazimisha mwenye dau kubwa kuongeza 18,000 ili aingie katika fungu lenye 25,000, na huyo atafikiri sana, na mara nyingi atazitupa. Angoje huyu mpaka abakiwe na 6,000, kisha aziweke zote: fungu sasa lina 11,000, na mwenye dau kubwa hutakiwa kuongeza 4,000 tu, bei ambayo kwayo karibu karata zozote mbili zinafaa, naye atamfuata bila kuinua jicho. Kwa kungoja, mchezaji hakupoteza chipu 14,000 peke yake. Amepoteza ile njia ya kwanza ya kushinda, na hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa zaidi. Hivi leo yapo majedwali yaliyotengenezwa kwa kompyuta yanayoonyesha, kwa kila kiasi cha rundo na kila kiti mezani, ni karata zipi za kuweka zote na zipi za kutupa, na mtu mwenye bidii aweza kuyahifadhi kwa majuma machache. Sehemu hii ya poka, ati ndiyo inayowatisha watu kwa ujasiri wake, ndiyo iliyo rahisi kujifunza.

Aliye na rundo kubwa ana mambo mengine. Chukua mfano wa jozi ndogo, tuseme nne mbili, ambayo ndani yake mna tumaini moja, kwamba nne ya tatu itokee katika karata tatu za kwanza za mezani, jambo litokealo mara moja katika takriban mara 8 na nusu. Mwenye madau makubwa 100, akilipa matatu ili azione karata hizo dhidi ya mtu aliye na 100 pia, hupoteza matatu mara nyingi na mara moja moja hupata mengi sana; biashara ni njema. Mwenye 15 akifanya hayo hayo hutoa sehemu moja katika tano ya mali yake kwa tumaini ambalo likitimia halitamlipa hasara za nyuma. Karata ni zile zile nne mbili. Kilichobadilika ni kina cha rundo. Na hapa pana nukta ambayo hata wachezaji wa siku nyingi huisahau: rundo linalohesabiwa baina ya watu wawili ni lile dogo kati ya hayo mawili, kwani mwenye 80,000 hawezi kumshinda mwenye 9,000 zaidi ya 9,000 zake. Tajiri wa meza akizungukwa na maskini watupu, utajiri wake hauna pa kwenda, naye hana budi kucheza kama maskini.

Mwenye rundo la kati, madau makubwa 20 hadi 30, ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, maana ni mkubwa mno kuweka zote ovyo na mdogo mno kufanya majaribio. Kwake huyu kanuni ni chache: apandishe dau kwa kiasi kidogo, mara mbili na robo ya dau kubwa au karibu na hapo; asifuate-fuate madau ya wengine kwa karata za wastani; na kabla hajaweka chipu ya kwanza awe amekwisha amua atafanya nini mwenziwe akimwekea zote. Aliyepandisha, akawekewa zote, akazitupa, akarudia hayo mara nne, amelitapanya rundo lake kwa mikono yake mwenyewe.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila mahali poka inapochezwa, ya Jack Straus katika mashindano makuu ya mwaka 1982. Alikuwa amesukuma chipu zake zote katikati, akashindwa, akainuka kuondoka, kisha ikaonekana chipu moja ya 500 ilikuwa imesalia mezani bila yeye kuiona. Akaruhusiwa kuketi, na kwa chipu hiyo moja akapanda hatua kwa hatua hata akawashinda washindani 103 na kutwaa dola 520,000. Hadithi ni ya kweli na ni tamu, na nadhani imewatia hasarani watu wengi kuliko karata mbovu zote. Hukumbukwa kwa sababu ya unadra wake. Anayejifariji kwayo baada ya kulipoteza rundo lake kwa uzembe hatofautiani na anayelala shambani kwa kuwa aliwahi kusikia habari za mtu aliyeokota almasi.

Hata sasa tumezungumza kana kwamba chipu zote zina thamani sawa. Hazina, na hili ndilo fundo lenyewe la mashindano. Tuchukue wachezaji watatu waliobaki, wa kwanza ana chipu 5,000, wa pili 3,000, wa tatu 2,000; nazo zawadi zilizobaki ni shilingi 50,000 kwa mshindi, 30,000 kwa wa pili na 20,000 kwa wa tatu. Mtu wa haraka atasema mwenye nusu ya chipu ana nusu ya shilingi 100,000. Lakini hata akizikusanya chipu zote hatapata 100,000, atapata 50,000, na zilizosalia watapewa wale aliowashinda. Hisabu inayotumika hapa ilitokana na fikra za David Harville, aliyeandika mwaka 1973 juu ya uwezekano wa farasi kumaliza mbio katika nafasi ya pili na ya tatu, na Mason Malmuth akaiingiza katika poka mwaka 1987. Kwa hisabu hiyo mwenye 5,000 ana haki ya takriban shilingi 38,400, mwenye 3,000 ana 32,750, na mwenye 2,000 ana karibu 28,850. Tazama: huyu wa mwisho ana sehemu moja katika tano ya chipu, lakini zaidi ya robo ya fedha, ilhali tajiri ana nusu ya chipu na hana hata sehemu mbili katika tano za fedha.

Maana yake katika matendo ni kwamba chipu unayoipoteza ina thamani kubwa kuliko chipu unayoishinda. Kwa hiyo dau la nusu kwa nusu, ambalo katika meza ya kawaida halidhuru wala halifaidishi, katika mashindano ni hasara kwa wote wawili walioingia humo, na faida humwendea yule wa tatu aliyeketi akitazama. Hatari hii huwa kubwa zaidi pale karibu na mpaka wa zawadi, akisalia mtu mmoja tu wa kutoka ili waliobaki wote wapate kitu. Hapo mwenye rundo kubwa huwakandamiza wa kati kwa kuwapandishia dau mgao baada ya mgao, kwa kuwa anajua hawathubutu kumfuata maadamu kuna mwenye rundo dogo kuliko lao anayekaribia kwisha. Na wao wakiwa na akili hawatakuwa na haya kuzitupa karata ambazo saa moja nyuma wangezichezea kwa furaha.

Ukitaka kuiona kanuni hii ikifika mwisho wake, yatazame mashindano ya kufuzu, ambayo zawadi yake si fedha bali ni tikiti za kuingilia mashindano makubwa zaidi, zote za thamani moja. Kwa njia ya namna hiyo Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, aliingia katika mashindano makuu ya dunia ya mwaka 2003 kutoka kwenye kompyuta ya nyumbani, akawashinda washiriki 838 na kupata dola milioni 2.5, na mchezo ukalipuka duniani kote. Tuseme tikiti ni 4 na wamebaki watu 5. Wewe una chipu nyingi, na mmoja wao amebakiwa na chipu za mzunguko mmoja tu. Mwenye rundo kubwa kama lako anaziweka zote, nawe unaangalia karata zako unaziona ree mbili, ya shupaza na ya kopa, karata bora kuliko zote. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili hushindwa takriban mara 18 katika 100. Ukishinda utapata tikiti moja, ile ile ambayo ungeipata kwa kukaa kimya dakika kumi. Ukishindwa utatoka bila kitu. Jawabu sahihi ni kuzitupa. Sijapata kuona mgeni aliyeafiki jambo hili mara ya kwanza kuambiwa, na anayeliafiki kwa moyo wake amekwisha kuelewa tofauti ya chipu na mali.

Juu ya ghadhabu nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anaijua. Aliyepoteza nusu ya rundo kwa karata moja ya mwisho iliyomsaliti bado ana nusu, na nusu hiyo ina M yake, na M hiyo ina kanuni zake. Wajibu wake wa kwanza ni kukihesabu upya alichonacho, si kukirudisha alichokuwa nacho. Wengi hucheza migao kumi inayofuata kwa rundo ambalo hawana tena.

Yote haya ni elimu ya meza, na nje ya meza kuna rundo lingine ambalo ndilo lenye chakula cha watoto. Mashindano yana fadhila moja, kwamba hasara yake hujulikana kabla: ukilipa shilingi 2,000, ni 2,000 utakazopoteza. Fadhila hiyo huharibiwa pale waandaaji wanapomruhusu aliyetoka kulipa kiingilio upya na kuingia tena, mara moja, mara mbili, mara nne, na simu iko mkononi na M-Pesa iko ndani ya simu. Waandaaji nao huchukua sehemu yao katika kila kiingilio, aghalabu moja katika kumi au zaidi, kwa hiyo mchezaji wa kiasi, mwenye ustadi sawa na wenzake, kwa muda mrefu atapoteza. Katika Kenya kamari ilitawaliwa kwa karibu miaka 60 na sheria ya mwaka 1966, hata Bunge likapitisha sheria mpya iliyotiwa saini mwaka 2025, mwaka ule ule ambao serikali ilisimamisha kwa siku 30 matangazo yote ya kamari kwa kuona jinsi yalivyowazonga vijana. Na chini ya sheria zote mbili asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi. Ningemshauri kijana wa Kiplombe anayeupenda mchezo huu kwa akili iliyomo ndani yake aucheze na wenzake kwa vifuniko vya soda, kila mmoja 100, wakipandisha madau kila dakika 15 kwa saa ya simu; atajifunza yote niliyoyaandika hapa na hatamwibia mtu wala kuibiwa.

Na kwa yule mtu mzima ambaye fedha ni zake na ameamua kwenda, namwomba aulize mambo matatu kabla ya kutoa shilingi: kila mtu huanza na madau makubwa mangapi, madau hupanda kila baada ya dakika ngapi, na aliyetoka huruhusiwa kurudi mara ngapi. Akiambiwa madau 100 na dakika 20 au zaidi, na kurudi hakuna, amepata mashindano ambayo ndani yake ustadi una nafasi. Akiambiwa madau 25 na dakika 5, hayo ni bahati nasibu iliyovishwa nguo za poka. Na mwandaaji akishindwa kumjibu, au akijibu kwa kumhimiza alipe upesi kabla viti havijajaa, afadhali abaki na shilingi zake 2,000.